Cheo Hakivuki Korongo

Niseme hoja yangu mwanzoni, asiyeipenda aiache mapema. Katika magari yaliyotumika tunayouziwa hapa Dodoma kwa jina la "magari ya porini", bei na uwezo havitembei pamoja, na mara nyingi vinapishana njiani. Tunalipia urefu wa boneti, rangi nyeupe na jina lililobandikwa mlango wa nyuma. Korongo halijui kusoma. Na mazoea haya hatukuyaokota kwenye yadi za magari. Tulifundishwa na serikali yetu, mwaka hadi mwaka, kwamba gari linalovuta kwa magurudumu manne ni cheo kwanza, chombo baadaye.

Naishi Makole, si mbali na uwanja wa ndege. Kukaa hapa ni sawa na kukaa kando ya gwaride lisilokwisha. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, baada ya tangazo la Rais Magufuli la mwaka 2016 kuufufua uamuzi wa mwaka 1973, magari yenye namba za STK na DFP yamekuwa sehemu ya mandhari kama mibuyu. Jioni vijana wa mtaa, wengi wao watumishi wenye miaka mitatu minne kazini, hukaa kwenye kijiwe cha chipsi wakilinganisha. Prado au Pajero? Escudo au X-Trail? Forester inafika Mpwapwa wakati wa mvua? Ubishi huwa mkali kuliko wa Simba na Yanga, ila wanaobishania Simba na Yanga angalau mechi wameiona.

Mimi mechi nimeiona. Kwa misimu sita ya mvua nimefanya kazi ya kukagua visima vya vijijini katika wilaya za Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kondoa. Napima maji, naandika pampu ipi imekufa na imekufa tangu lini. Nimepanda karibu kila aina ya gari inayotajwa pale kijiweni, mengine nikiyaendesha, mengine nikiyasukuma. Na natangaza maslahi yangu kabisa: ninalo Escudo la mwaka 2006 lenye kutu kwenye mlango wa nyuma.

Kabla ya kulinganisha magari tukubaliane pori lenyewe ni lipi. Matangazo ya magari yanaonyesha milima yenye theluji na jangwa lenye matuta. Dodoma mvua hunyesha kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na adui zetu ni watatu.

Wa kwanza ni mchanga. Mito mingi ya Ugogo kwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji, ina mchanga, na njia za vijijini hukatiza katikati yake. Mchanga unataka gari jepesi na tairi lililolala. Ukilishusha upepo kutoka psi 32 hadi 18, tairi linatanuka chini, linakanyaga eneo kubwa zaidi, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Dawa hii haina bei. Inataka kipimo cha upepo, pampu ya kurudishia na dereva asiyeona aibu kuchuchumaa.

Wa pili ni udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Bahi, ambako Mto Bubu humwaga maji yake na watu wakalima mpunga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza kiganja. Ukilowa huwa sabuni, kisha huwa gundi, unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama andazi. Hapa unahitaji meno mapana yanayojisafisha, ekseli zote mbili zikivuta, na akili ya kusubiri jua la saa sita. Tairi la lami likiingia mbugani linabaki tairi la lami, liwe limefungwa kwenye gari la milioni kumi na tano au la milioni mia.

Wa tatu ni mawe. Aliyepanda kutoka Kolo kwenda kuona michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, anajua kipande cha mwisho cha njia kinavyosimama. Mawe hayahitaji mwendo. Yanahitaji gari litambae polepole bila kuunguza klachi, na hiyo ndiyo kazi ya gia nzito, ile seti ya pili ya gia inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kwenye Land Cruiser nyingi huzidisha nguvu takribani mara mbili na nusu. Kwenye Escudo langu ni karibu mara mbili.

Sasa difu, maana ndipo watu wanapodanganywa. Difu ya kawaida inaruhusu tairi mbili za ekseli moja zizunguke kwa kasi tofauti, la sivyo gari lisingekata kona vizuri. Gharama yake ni kwamba nguvu inayofika kwenye tairi lililoshika ardhi haiwezi kuzidi ile inayotosha kuzungusha tairi linaloteleza. Tairi moja likiingia kwenye tope linazunguka bure, na lenzake lililo pakavu linatulia kama mgeni wa harusi. Gari likiwa na difu tatu za namna hiyo, mbele, katikati na nyuma, bila kifungo hata kimoja, tairi moja tu linatosha kulisimamisha gari zima. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: difu ya katikati inafungwa? La pili: gia nzito ipo? Mengine tutazungumza tukiwa tunakunywa chai.

Ukiuliza maswali hayo mawili, yadi nzima inajipanga upya mbele yako. RAV4, Harrier, CR-V, X-Trail na Forester ni magari mazuri, na kwa njia ya vumbi iliyochongwa yanatosha kabisa. X-Trail ya mwanzo, ile ya 2000 hadi 2007, ina kitufe cha kufunga mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kwenye mchanga mfupi kinasaidia. Lakini gia nzito haina. RAV4 na Harrier nyingi zinazoingia kutoka Japani zinavuta kwa magurudumu mawili tu. Umbo ni la pori, chini hakuna propela wala difu ya nyuma. Huhitaji kuwa fundi kulijua hilo. Piga magoti uangalie. Nimeona watu wakikagua redio kwa dakika ishirini na chini ya gari wasiangalie hata mara moja.

Escudo ni hadithi nyingine. La kizazi cha pili, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, limekaa juu ya chesisi na lina gia nzito. La kizazi cha tatu, lililoanza 2005, linavuta magurudumu yote muda wote, difu ya katikati inafungwa na gia nzito ipo. Uzito wake ni kama tani moja na nusu na kidogo. Jimny ni jepesi zaidi, karibu tani moja, lina chesisi na ekseli nzima mbele na nyuma kama magari ya kazi ya zamani. Kijiweni wanaliita kiberiti na kucheka. Kiberiti hicho kikikwama, watu wanne wanakinyanyua. Mwite mtu yeyote aje akuambie watu wangapi wananyanyua Land Cruiser V8.

Nisimwonee Prado. Prado za kizazi cha 90, cha 120 na cha 150 zina chesisi, difu ya katikati inayofungwa na gia nzito. Ni magari ya kweli. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile mkonga, iliyoanza 1984, na hasa yenye injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, sijaona ubishi wa maana dhidi yake. Ungekuwa unabeba chanjo kila wiki mwaka mzima, ningekuambia uitafute hiyo na usisikilize mtu mwingine. Lakini wewe hubebi chanjo. Unakwenda kwa bibi Krismasi, shambani mara mbili kwa mwezi, na kazini kila siku kwa lami. Kwa safari hizo unaambiwa ununue karibu tani mbili za chuma, zenye injini inayokunywa zaidi, ushuru mkubwa zaidi kwa ukubwa wa injini, na tozo ya uchakavu juu yake kwa kuwa uwezo wako unafikia lile la zamani tu.

Wapinzani wangu wana hoja tatu, na nitazijibu kwa uzito wake.

Hoja ya kwanza: Prado inauzika. Kweli, inauzika. Lakini bei ya kuuzia ni faraja ya anayeuza, na wengi wanaoniambia hivyo hawauzi, wanadaiwa. Sheria inataka baada ya makato mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara. Ninawafahamu vijana wanaoishi kwenye theluthi hiyo, na gari limeegeshwa nje kuanzia tarehe kumi kwa sababu tangi halina kitu. Gari lisilotoka geti halina uwezo wowote wa porini.

Hoja ya pili: usalama, gari kubwa lina chuma. Kwenye barabara kuu ukigongana na gari dogo, uzito unakusaidia, sikatai. Porini uzito huohuo unakuzamisha. Na gari refu lenye dereva anayejiamini kupita kiasi ndilo linaloingia kwenye korongo linalotiririka. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu watu wanakufa. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanaweza kulibeba gari kubwa. Maji hunyanyua, na tairi lililonyanyuliwa halivuti, ziwe mbili au nne. Dodoma mafuriko huja jua likiwa limewaka, maana mvua imenyesha mlimani usikokuona. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, chuma kilichopigiliwa ardhini. Halafu mtu anaamini nembo ya gari lake itamvusha.

Hoja ya tatu ndiyo yenyewe, na husemwa kwa sauti ya chini: heshima. Muuzaji mmoja wa yadi aliniambia bila kificho, "Dada, ukifika ofisi za watu na hili, geti linafunguliwa lenyewe." Alikuwa anasema kweli. Nimefika kwenye mageti na Escudo langu nikaandikishwa jina, namba ya simu, ninakotoka na ninayekwenda kumwona. Nimefika mageti hayohayo nikiwa abiria kwenye gari kubwa jeupe la mradi, mlinzi akapiga saluti kabla hajajua aliyemo ndani. Kwa hiyo siwacheki vijana. Wanasoma mji ulivyoandikwa. Ninachokataa ni kuuita usomaji huo "uwezo wa porini".

Mji uliandikwa hivyo na nani? Waliotutangulia walikuwa na Land Rover. Ilikuwa ya bwana shamba, ya bwana afya, ya mkuu wa wilaya. Vumbi liliingia kila tundu, na ofisa alishuka akiwa na rangi ileile ya watu waliokuja kumpokea. Baadaye likaja neno shangingi. Kamusi inalijua kwa maana ya mwanamke mhuni aliyezoea starehe. Mtaani likahamia kwenye Land Cruiser la mkubwa. Kama mwanamke silipendi neno hilo lilikotoka, lakini waliolihamisha walikuwa wameona jambo: kitu cha gharama, kinachong'arishwa, kinachotunzwa kwa fedha isiyo ya anayekifaidi. Lugha ilitoa hukumu mapema, sisi tukaendelea kutamani.

Na tazama linakokwenda shangingi hilo. Barabara kuu zinazotoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Singida, Iringa na Babati zina lami. Treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam inafika hapa tangu mwaka 2024. Gari linalotoka Makole asubuhi kwenda Mji wa Serikali kule Mtumba halikanyagi tope mahali popote. Gia nzito ya gari hilo inaweza kumaliza miaka mitano haijaguswa, kama sahani za kabatini zinazosubiri mgeni.

Tope limebaki kwenye barabara za wilaya, zile zilizokabidhiwa TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017. Mtandao wake nchi nzima unazidi kilomita 144,000 na sehemu kubwa ni udongo mtupu. Huko hakuna ubishi wa Prado na Pajero. Huko mshindi ni bodaboda, pikipiki ya kilo mia na kitu, magurudumu mawili, linavuta la nyuma tu. Mgonjwa hukaa katikati, ndugu nyuma yake akimshika, wanatafuta pembeni mwa korongo mahali palipokauka. Kijiji kimoja nilikokwenda kukagua kisima, mwenyekiti alinionyesha kivuko chao na kuniambia wajawazito wakikaribia kujifungua huhamia ng'ambo, kwa ndugu, tangu Januari hadi korongo litulie. Hakuniomba gari. Aliniuliza kama ninamjua mtu anayejenga makalavati.

Hapo ndipo ugomvi wangu na ubishi wa kijiweni unapoishia, na pia unapoanza. Swali letu limekuwa gari gani linapita. Ni swali la mtu aliyekwisha kubali kwamba barabara haitajengwa, akaamua kujiokoa peke yake kwa mkopo. Na wale wenye kalamu ya kuijenga wanasafiri ndani ya springi laini na kiyoyozi, hata wakifika kijijini hawajaihisi njia. Ningekuwa na mamlaka ya siku moja, kila mwenye kupitisha bajeti ya barabara za vijijini angekwenda kuikagua mwezi Februari akiwa nyuma ya bodaboda. Najua sitapewa mamlaka hayo. Kwa hiyo nadai madogo.

Nadai magari ya pori ya serikali yawe ya watu wa pori: maji, afya, mifugo, barabara. Wa Mtumba wapande magari ya kawaida, lami ipo. Nadai pia tuulize habari za shilingi mia. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli ina shilingi 100 iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA. Ukijaza lita 50 umechangia shilingi 5,000. Wewe unayejua kwa kichwa ukubwa wa injini ya kila Prado tangu 1996, unajua shilingi hizo zimejenga kivuko gani katika wilaya ya bibi yako? Diwani yupo, vikao vya baraza la madiwani vipo, na kuuliza hakuhitaji difu. TARURA yenyewe imejenga madaraja ya mawe mikoani, Kigoma ikiwamo, kwa gharama ndogo kuliko ya zege. Mawe, ndugu zangu. Kama kuna kitu Dodoma haijawahi kuombea mvua ili kiote ni mawe.

Na kwa kuwa najua gari utanunua tu, nunua hivi. Nenda yadi asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Piga magoti uone kama propela inafika nyuma. Kagua chesisi kwa kutu, hasa kwenye maungio, maana mengine yametoka mikoa ya Japani yenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Ingiza gia nzito, tembea mita kumi, sikiliza. Funga difu ya katikati, uhakikishe taa yake inawaka. Muulize fundi wa mtaani kwako, kabla ya muuzaji, spea gani zinapatikana Dodoma siku hiyohiyo na zipi zinasubiriwa kutoka Dar. Halafu chukua tofauti ya bei kati ya gari ulilolitamani na gari linalokutosha, nunua tairi nne zenye meno, pampu, koleo na kamba. Kitakachobaki usikirudishe kwenye boneti ndefu zaidi. Kiache kwenye mshahara wako, na ukifika kwenye korongo lenye maji, zima injini, kaa ng'ambo hii na wenzako wanaosubiri, uwaulize kivuko chao kimeahidiwa tangu lini.